Kabla hujaomba hata shilingi moja

Mdogo wangu uliyeajiriwa kutafutia fedha kituo cha watoto, hongera. Ila usianze na andiko la mradi. Bosi atakukabidhi orodha ya wafadhili na tarehe za mwisho. Mwombe siku tatu tu, uende ukakae kituoni.

Mimi nilianzia kwenye kompyuta. Niliandika kurasa kumi na mbili kuhusu watoto nisiowajua hata majina. Mfadhili akapiga simu kuuliza mtoto mmoja anatumia shilingi ngapi kwa mwezi, nikakosa la kusema. Aliyenisaidia ni mama mpishi: unga wa uji unaisha lini, sabuni miche mingapi, na kwa nini Januari, shule zikifunguliwa, hela hazitoshi kamwe. Keti naye kwanza, ndipo uende kwa mhasibu.

Kuhusu picha sitapepesa macho. Utaambiwa picha ya mtoto anayelia inaleta hela. Ni kweli, inaleta, na bado usiitumie. Huyo wa miaka saba kesho ni kijana wa sekondari, na wenzake wataiona simuni. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutangulize maslahi ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Hata isingekuwepo sheria, jiulize kama ungekubali picha hiyo ingekuwa ya mwanao.

Wafadhili wa nje watafute, lakini usiwapite wa hapa hapa. Soko la Tandale kuna mzee anauza mchele. Nilipomfikia na barua yangu yenye mhuri hakuifungua. Alisema, "Mwaka jana nilitoa magunia mawili, mwanangu. Sikusikia hata kama yalifika." Nilitamani ardhi ipasuke. Ulikuwa uzembe wetu wa ofisini. Stakabadhi yake ilikuwa imeandikwa, ikabaki kwenye droo.

Sikumwomba kitu siku ile. Jumatatu nilimrudishia stakabadhi yake, pamoja na picha ya sufuria kubwa ya jikoni kwetu ikiwa imejaa wali, mkono wa mama mpishi umeshika upawa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaibandika ukutani juu ya mizani. Kisha akamwita kijana wake apakie gunia.