Viktoria Berlin walipandaje kwa mechi 11?

Mkuu, unauliza ilikuwaje timu ipande Ligi Daraja la Tatu Ujerumani ikiwa imecheza mechi 11 tu. Ni korona. Regionalliga Nordost, ambayo ni daraja la nne, ilisimama vuli ya 2020 na haikurudi tena. Msimu ukafungwa, bingwa akapatikana kwa wastani: pointi ugawe kwa mechi. Viktoria walishinda zote 11, kwa hiyo wastani wao ulikuwa 3 kamili. Hapo ungebishana nao nini?

Waliokuwa na haki ya kulia ni Lokomotive Leipzig. Mwaka wa kwanza wa korona, 2020, nao walipewa ubingwa kwa hesabu hiyohiyo, ila wao walilazimika kucheza mchujo wa kupanda na Verl, timu ya Regionalliga ya Magharibi. Sare 2-2 nyumbani, sare 1-1 marudiano, wakatolewa kwa goli la ugenini. Hawakufungwa mechi hata moja! Na hao Verl walikuwepo pale kwa sababu Rödinghausen, vinara wa ligi hiyo ya Magharibi, hawakuomba leseni ya kucheza Daraja la Tatu.

Viktoria wenyewe walishuka 2022, baada ya msimu mmoja tu.