Kwa mnaoanza kupima hoja za kuwepo kwa Mungu

Hapa Mtwara mtu hasomi falsafa ya dini peke yake. Meza moja anakaa kijana aliyelelewa madrasa ya Mikindani, pembeni yake binti aliyesomeshwa na masista, na pengine wawili hao ni ndugu. Ndiyo maana wengi wenu mnaanza kwa woga: mnahisi ukikosoa hoja umemkosea Mungu, au umemvunjia heshima mzee wa nyumbani. Uondoeni mapema. Hoja ikivunjika, kilichovunjika ni hoja.

Chukueni karatasi, muandike hoja ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Kila kilichoanza kuwepo kina chanzo. Ulimwengu ulianza kuwepo. Basi ulimwengu una chanzo. Sasa pigieni mstari kauli inayobeba uzito. Wanaoanza hukimbilia ya kwanza na kuuliza, "Na Mungu aliumbwa na nani?", wakidhani wamemaliza kazi. Isomeni tena: inasema kila kilichoanza, haisemi kila kilichopo. Ubishi mkubwa uko kwenye kauli ya pili. Ibn Sina, Mwislamu, alishikilia kwamba ulimwengu unamtegemea Mungu hata kama haukuwa na mwanzo katika wakati. Thomas Aquinas, Mkristo, aliamini mwanzo huo ulikuwepo, ila akasema tunaujua kwa imani. Akili peke yake haiwezi kuuthibitisha. Wote wawili walimwamini Mungu, na wote wawili wasingeweza kuitegemea hoja hii. Nawaomba mlitafakari hilo vizuri kabla ya kugusa hoja nyingine.

Hoja ya Anselm, mtawa wa Kikristo wa kale, inayotaka kumthibitisha Mungu kutokana na wazo lake tu, iacheni kwa sasa. Ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Kwenye hoja ya mpangilio wa viumbe, ile aliyoitetea William Paley mwaka 1802, hakosekani mtu wa kuitaja Tendaguru, kilima cha Lindi kilikochimbuliwa mifupa ya dinosaria. "Mwalimu, mijusi ile ya Lindi imeshamaliza ubishi." Mifupa ile, ambayo Wajerumani walianza kuichimba kwa wingi mwaka 1909 na kuipeleka Berlin, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Ukiiweka pamoja na maelezo ya Darwin ya mwaka 1859, kwamba viumbe hubadilika polepole kwa uteuzi wa asili, Paley anabanwa kweli anaposema miili ya viumbe haielezeki bila fundi. Lakini anayeuliza kwa nini maumbile yana kanuni zozote, huyo mifupa haijamgusa. Taja hoja ipi imeguswa, na kwenye kauli ipi.

Kwenye uovu nendeni polepole. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kwamba huwezi kushika yote matatu bila kujipinga: Mungu ni muweza wa yote, Mungu ni mwema kabisa, na uovu upo. Mwanafalsafa mwenzake, Alvin Plantinga, akajibu kwa kutumia hoja ya hiari ya viumbe: huenda hata Mungu hawezi kuumba viumbe huru na papo hapo akahakikisha hawatendi uovu. Wengi huishia hapo. Je, ni hiari ya nani iliyoleta kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952? Wengine hujibu kwamba Mungu ana sababu ambazo akili zetu hazifikii. Mimi naliheshimu sana jibu hilo, ila lina gharama: ukisema huwezi kusoma makusudi ya Mungu kwenye kimbunga, kesho usidai unayasoma waziwazi kwenye bawa la kunguru, kama hoja ya mpangilio inavyotaka. Na anayesema "sioni sababu, basi haipo" naye ana deni. Aonyeshe kwanza kwamba sababu hiyo, kama ingekuwepo, sisi tungeiona.

Mijadala hii msiipeleke msibani. Aliyefiwa hajawaomba hoja.

Mkishazoea, someni kwa sauti mazungumzo ya David Hume kuhusu dini, yaliyochapishwa mwaka 1779, yeye akiwa ameshafariki. Wanaojadiliana ni watatu: Cleanthes, Demea na Philo. Gawaneni sauti, na kila mmoja achukue anayempinga zaidi. Muumini amsome Philo, mwenye shaka, na amtetee kwa nguvu zote mpaka wenzake washindwe kumjibu. Kisha badilishaneni.