Kukielewa kifungu na bado kukosa maswali ya GRE

Ndugu, umeuliza kwa nini unakielewa kifungu cha GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili) unapokisoma, lakini ukifika kwenye maswali unakosa karibu nusu. Naamini shida yako si msamiati. Vifungu vingi vya mtihani huu hujengwa juu ya mabishano ya kitaalamu: mwandishi hueleza maoni yaliyozoeleka, kisha huyapinga au kuyawekea mipaka, na mgeuko huo mara nyingi hubebwa na neno moja tu lenye maana ya "hata hivyo" au "ingawa", ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Kwa hiyo, kila umalizapo aya, jiulize mwandishi anafanya nini hapo, wala si anasema nini tu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kutunga jibu lako mwenyewe kabla ya kutazama machaguo. Majibu ya mtego huwa na maneno yaleyale ya kifungu, ila yamezidisha dai: mwandishi amesema "baadhi", jibu linasema "wote". Kwenye yale maswali yenye machaguo matatu, ambayo huweza kuwa na jibu sahihi zaidi ya moja, pima kila chaguo peke yake, kwa sababu hakuna alama ya nusu.

Tangu Septemba 2023 sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41. Hata hivyo, wiki za mwanzo fanya mazoezi bila saa, ukiandika kwa kila kosa ni sentensi ipi ya kifungu inayolikanusha jibu ulilochagua.