Kota inavuja, ukumbi umefungwa, tumlilie nani?

SWALI: Shikamoo dada wa safu hii. Mimi mama wa watoto watatu, naishi kwenye kota huku mkoani Kigoma mwaka wa tisa sasa. Bati limeoza juu ya chumba cha watoto, mvua zikianza tu mwezi wa kumi naanza kupanga masufuria na beseni sakafuni, juzi usiku maji yalishuka ukutani mpaka kwenye swichi ya taa ikawa inatoa cheche. Choo tunatumia familia nne na shimo limejaa. Kodi nalipa kila mwezi, sijawahi kuruka hata mmoja, risiti ninazo zote kwenye kopo la maziwa. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia nenda halmashauri, halmashauri wananiambia hakuna fungu, sasa tunaambiwa tuchange elfu kumi kumi lije gari la kunyonya choo. Hivi hii nyumba ni ya nani? (Mpangaji wa kota, Kigoma)

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kabla sijagusa habari za ofisi, hiyo swichi usiiguse kabisa, shusha swichi kubwa ya kwenye mita, watoto walale chumba kingine mpaka fundi umeme aje aangalie. Hilo halisubiri kikao cha mtu yeyote.

Sasa nyumba ni ya nani. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani maana watu wengi wanahangaika miaka kwenye mlango usio wao. Kota zetu huku zina wenyewe tofauti, kuna za halmashauri, kuna za reli, kuna za Wakala wa Majengo, kuna za Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962, na yale majengo ya zamani ya katikati ya mji yaliyotaifishwa 1971 yalikuwa chini ya Msajili wa Majumba mpaka 1990 ndo yakaingia Shirika la Nyumba. Chukua risiti moja kwenye hilo kopo usome jina la aliyepokea hela. Kama kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, ilitoka halmashauri na jina la kwenye risiti ni la halmashauri basi huyo ndo mwenye nyumba wako, na mwenye nyumba anayekula kodi ndo anatengeneza paa. Mwenyekiti wa mtaa hana paa wala bajeti ya paa, ila usimdharau, utamhitaji hapo chini.

Hilo neno "hakuna fungu" nataka tukae nalo kidogo kwa sababu mara nyingi ni kweli, na ni kweli kwa sababu hakuna aliyeliomba fungu lenyewe kwa wakati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, vipaumbele vinaanzia mtaani, vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndo katibu, halafu vinaenda kwa wataalamu na kwenye kamati za halmashauri, mwisho baraza la madiwani linapitisha. Wewe unaenda kulalamika mwezi wa tatu masika imekushika koo, wenzako wameshafunga hesabu, unajibiwa hakuna fungu, unarudi nyumbani unalia, mwezi wa sita mvua zinakata unasahau, na mwezi wa kumi tunaanza upya. Mama, miaka tisa imeenda hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Nyie familia zote za kota andikeni barua moja, majina na sahihi, nyumba namba fulani bati ngapi zimeoza, choo kipi kimejaa, na picha mpige. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ni muhimu kuliko maneno yote yaliyomo. Halafu kwenye mkutano wa mtaa, hapa ndo mwenyekiti anaingia, hakikisheni ukarabati wa kota unaandikwa kwenye muhtasari, sio unasemwa tu watu wanapiga makofi. Mwambieni diwani auweke kwenye taarifa ya kata, baraza linakaa kila miezi mitatu na mikutano yake iko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Nendeni hata watano. Diwani akiona wapiga kura wake wamekaa nyuma ukumbini anakumbuka.

Na ulizeni kwa maandishi kodi ya kota mwaka jana ilikusanywa shilingi ngapi na kiasi gani kilirudi kwenye matengenezo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa halmashauri siku 30 za kuwajibu. Hapo ndo penye kidonda chenyewe kwa maoni yangu, kodi inaingia kwenye mapato ya ndani kila mwezi bila kukosa lakini bati halirudi.

Choo msikichangie kwanza. Mwiteni afisa afya wa kata akague aandike ilani kwa mwenye nyumba, shimo lililojaa kwa familia nne ni hatari ya kipindupindu, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu hiyo hata kama mwenye nyumba ni mwajiri wake mwenyewe. Mkiona hali ni mbaya mkaamua kuchanga, chukueni risiti ya gari mdai irudishwe kwenye kodi.

SWALI: Ukumbi wa kata yetu tulisomba mchanga na matofali wenyewe, leo funguo anazo mtu mmoja, harusi zinakodishwa bila risiti na vijana wakiomba kufanyia mazoezi ya ngoma wanafukuzwa. (Kijana, mkoa wa Tabora)

JIBU: Mdogo wangu, jasho lenu lipo kwenye ule ukuta, nakuelewa. Ila ukumbi ukishakabidhiwa ni mali ya halmashauri, unatakiwa uwe kwenye rejista ya mali zao, na hela ya kukodisha inalipwa kwa kontroo namba, sio mkononi. Muulize mtendaji wa kata mambo mawili tu, bei ya ukumbi imepangwa na nani na ya harusi ya Jumamosi iliyopita ililipwa kwa namba gani. Asipokuwa na jibu, andika kwa mkurugenzi na umuombe amtume mkaguzi wa ndani, kila halmashauri anaye. Ratiba ya vijana iombeni kwenye kamati ya maendeleo ya kata, siku mbili kwa wiki, zibandikwe mlangoni pa ukumbi zikiwa na muhuri.