Baada ya Siku ya Tamaduni, angalia meza za bwalo

Mwaka nilipopewa ulezi wa wanafunzi chuoni, jambo la kwanza nililolivalia njuga lilikuwa Siku ya Tamaduni. Tuliipanga tarehe 21 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya tamaduni mbalimbali za dunia, na maandalizi yakala wiki sita. Uwanja ulifurika. Bendera, mavazi, ngoma, watu wanapigana picha wamekumbatiana. Jioni nikapita bwalo la chuo, nikasimama mlangoni. Wale wale wa mchana walikuwa wameshajigawa: wa lugha moja meza yao, wa dini moja meza yao, na wageni wanne kutoka nje ya nchi wamebanana kwenye kona. Ugomvi haukuwepo. Walikuwa hawajuani tu, na sherehe yangu haikuwa imewajuza.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, uwe mhadhiri, mlezi au kiongozi wa serikali ya wanafunzi, uanzie wapi, nitakwambia anzia kwenye kazi za makundi darasani. Sherehe fanyeni, zina raha yake, na kuna wanaopata siku hiyo nafasi ya kuonekana. Ila mazoea ya mtu hujengwa na anachokifanya kila wiki, na kila wiki mwanachuo yumo darasani.

Mwanasaikolojia Gordon Allport alilieleza hili tangu mwaka 1954. Kukutanisha watu peke yake hakutoshi kupunguza chuki. Wanaokutana wawe na hadhi sawa hapo walipo, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana bila kushindana, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Nilipoyasoma masharti hayo manne nikaipima Siku yetu ya Tamaduni. Tulikuwa na la nne tu: mkuu wa chuo alihudhuria.

Mbinu niliyokuja kuitegemea ilizaliwa mwaka 1971 huko Austin, Texas. Shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Mexico, na mivutano ikazuka madarasani. Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo wakabuni namna ya kuligawa somo vipande, kila mtoto akashika chake, hata ikawa hakuna wa kulijua somo zima asipowasikiliza wenzake.

Niliijaribu kwa wanachuo wangu. Kesi moja nikaigawa vipande vitano, makundi ya watu watano watano, kila mmoja na karatasi ambayo wenzake hawajaiona. Mwanzoni kundi la nyuma walimweka pembeni binti mmoja, kwa kuwa lugha ya kufundishia aliizungumza polepole, na kijana mmoja alikuwa anamkatiza kila akitafuta neno. Wakafika swali la tatu. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya yule binti. Nikamwona kijana yule anavuta kiti, anainama, anamwambia, “Samahani, hebu rudia pale mwanzo, taratibu.” Akarudia. Wote wakaandika. Wiki iliyofuata walimsubiri amalize sentensi zake bila mimi kusema neno.

Nilikosea pia, na nayataja makosa yangu ili wewe usiyapitie. Muhula wa kwanza niliwaacha wachague makundi wenyewe. Ukisema “jigaweni watano watano”, nusu dakika haiishi meza za bwalo zimehamia darasani. Panga mwenyewe, na kundi lidumu angalau nusu muhula, maana ukilivunja kila wiki watu hawavuki salamu. Kosa la pili, nafasi ya kuwasilisha ilishikwa na mwenye ulimi mwepesi, na wengine wakageuka makarani wake. Siku hizi nazungusha: aliyeandika leo, kesho anasimama mbele. Na kama wanafunzi kutoka nje ni wawili tu darasani, usiwatenganishe mwanzoni. Mtu aliye peke yake kabisa hunyamaza.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya hayo, nalo ni kumgeuza mwanafunzi msemaji wa watu wake. Mada ikigusa dini au kabila fulani, macho yote yanamgeukia mmoja, na mhadhiri anauliza, “Ninyi kwenu mnaonaje?” Nimewahi kuuliza hivyo. Aliyeulizwa aliniambia baadaye ofisini kwamba tangu siku ile alikuwa akikaa safu ya mwisho ili nisimwone. Muulize mtu anachofikiri yeye. Akitaka kuwasemea wa kwao, ataanza mwenyewe.

Mtaala nao una mtego wake. Profesa James Banks, aliyeandika mengi kuhusu elimu ya tamaduni nyingi, anatofautisha kuongeza mada ya kigeni juu ya somo lisilobadilika na kulipanga upya somo ili wanafunzi walitazame kwa macho ya watu tofauti. Wengi wetu tunaishia kwenye nyongeza: wiki ya kumi na tatu, mwandishi mmoja, mitihani inakaribia, hakuna anayemsoma. Mlete wiki ya pili, na umweke kwenye swali la mtihani.

Ratiba ya mitihani iangaliwe pamoja na kalenda za sikukuu za dini zote zilizopo chuoni, kabla haijabandikwa. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Majina sasa. Chukua orodha yako kabla ya kipindi cha kwanza, na jina usilolijua muulize mwenyewe, faraghani, analitamkaje, kisha uliandike pembeni unavyolisikia. Usilikate bila ruhusa. Mimi nilimkatia kijana mmoja jina lake muhula mzima, naye akawa anaitikia kwa heshima. Siku ya mahafali nilisimama karibu na mama yake. Jina kamili lilipotangazwa, aliinuka akalirudia kwa sauti, silabi zote, mara mbili.

Kama huna madaraka yoyote chuoni zaidi ya somo lako, hilo linatosha kuanzia. Leo usiku kaa na orodha, panga makundi, na kesho uibandike mlangoni kabla hawajaingia.