Datsun 240Z zimebaki ngapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Babu yetu ametuachia gari la Datsun 240Z, limelala bandani Raskazone. Mjomba anataka kuliuza kama chuma chakavu. Je, zimebaki ngapi duniani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba asubiri kwanza! Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 na Shekhar Mehta.

Idadi kamili ya zilizobaki haipo, kwa sababu hakuna daftari moja la dunia nzima. Kwa mfano, Ferrari 250 GTO, gari la mbio la Italia, zilitengenezwa 36 tu, na kila moja inafuatiliwa kwa namba yake ya chasisi. Lakini Datsun 240Z zilitoka kwa maelfu mengi, nyingi zikaenda Marekani. Zenye usukani wa kulia, kama yenu, ni chache zaidi, na kutu imezimaliza nyingi.

Fungua boneti. Kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini utaona namba ya chasisi imegongwa. Ikianza na HS30, ni ya usukani wa kulia. Usiipige namba hiyo msasa hata kidogo! Kisha inua zulia, bonyeza sakafu kwa bisibisi, halafu chungulia chini ya betri. Hapo ndipo bati huoza kwanza, na upepo wa chumvi wa Raskazone hauna huruma. Kama mmelifunika gari kwa turubai la nailoni, liondoeni leo hii, linafungia unyevu.

Nitumie picha ya hiyo namba.