Maswali ya Wasomaji: Kupima Daraja la Sarafu Kabla ya Kulipa

Ndugu mhariri, kuna mzee mtaani kwetu anauza hela za shaba za Mjerumani, heller 1 ya mwaka 1910. Zote anaziita VF na zote bei moja, ila mimi naona zingine zimelika sana. Nipimeje?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Ukiona rundo zima lina bei moja, jua muuzaji hajapima kitu. Hapo ndipo aliyejifunza anapochagua.

Ngazi zenyewe za hali ya sarafu, kutoka chini kwenda juu, huandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza: G (Good), VG (Very Good), F (Fine), VF (Very Fine), EF (Extremely Fine), AU (About Uncirculated) na UNC (Uncirculated). Hii ya mwisho ni sarafu ambayo haijawahi kutumika. Kampuni za Marekani za kupima sarafu kama PCGS na NGC huongeza namba za 1 hadi 70, kwa kufuata mfumo alioanzisha William Sheldon mwaka 1949: VF huanzia 20, EF 40, AU 50, na isiyotumika 60. Kwa kuwa sarafu hizi huuzwa sana Ujerumani, utakutana pia na herufi zao: *ss* ni karibu sawa na VF, na *vz* karibu sawa na EF. Usizishike sana herufi. VF ya muuzaji mmoja ni F ya mwingine, kwa hiyo kazi ni ya jicho lako.

Kaa ndani, zima taa ya mrija, tumia taa moja ya mezani. Taa ya mrija hutawanya mwanga na kuficha mikwaruzo. Tandika kitambaa, shika sarafu kwa ukingo kwa vidole viwili, kisha iinamishe polepole huku na huku. Anza kwa macho matupu, halafu lenzi ya kukuza mara 5. Lenzi ya mara 10 iache kwa ajili ya kutafuta kasoro, maana ukianza nayo kila sarafu itaonekana mbovu.

Kinacholika kwanza ni sehemu zilizoinuka. Kwenye heller 1, upande wa taji, angalia msalaba mdogo wa juu na vito kwenye mikanda ya taji. Upande wa thamani, angalia mshipa wa kati wa kila jani la shada. Vito vikiwa vinahesabika kimoja kimoja na mishipa ya majani ipo, ila vilele tu vimepoteza rangi, hiyo ni EF. Karibu nusu ya vito vikishikana na majani yakabaki na mishipa hapa na pale, ni VF. Mikanda ikibaki kama mistari tu, na majani ni umbo bila mishipa, ni F. Taji likiwa bapa lote lakini maandishi na mwaka vinasomeka, ni VG. Chini ya hapo usinunue, isipokuwa ni mwaka unaoukosa.

Pima kila upande peke yake. Sarafu yenye taji la VF na shada la F huandikwa VF/F, na ukisita kati ya ngazi mbili, lipa bei ya ile ya chini. Ushauri wetu kwa anayeanza: nunua heller 1 tano au sita za bei ndogo zenye hali tofauti, zipange mezani kwa mfuatano, na zitumie kama rula yako. Kujua vizuri aina moja ya sarafu kunasaidia kuliko kuzigusagusa aina ishirini.

Rupia ya fedha ya 1910 niliyoonyeshwa hapa Ujiji inang'aa kama imetoka kiwandani. Muuzaji anasema aliisafisha kwa ndimu na majivu "ili ipande daraja". Je, ni kweli?
*Msomaji, Ujiji, Kigoma*

Ameishusha. Ndimu ni tindikali na majivu ni msasa: kimoja kinakula ngozi ya juu ya madini, kingine kinaikwaruza. Dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria ni vibaya zaidi.

Sarafu isiyotumika ina mng'ao wake. Ukiiinamisha chini ya taa, miale miwili mitatu inazunguka usoni mwake kama mapanga ya feni. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo sana inayobaki pale madini yanapokandamizwa na muhuri, na ukishafutwa haurudi. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa kila mahali kwa pamoja, na ukiizungusha mwanga haukimbii. Kisha tafuta mikwaruzo laini inayoelekea upande mmoja, hasa kwenye uwanja mtupu mbele ya uso wa Kaisari Wilhelm II. Angalia pia uchafu mweusi uliojificha kati ya herufi huku uwanja ukiwa mweupe: kitambaa hakikufika huko.

Sarafu ya namna hiyo inaweza kuwa na masharubu na tai wa juu ya kofia vikiwa kamili, yaani alama za EF, lakini kampuni za kupima hazitaipa namba. Zitaandika daraja la alama zake bila namba, na kwamba imesafishwa. Usiilipie bei ya EF.

Na kagua ukingo, hasa juu ya kichwa. Rupia nyingi zilivaliwa mkufuni. Tundu lililozibwa huonekana kama duara hafifu la rangi tofauti, na kipande kilicholehemiwa huacha kovu ukingoni hata kikishang'olewa.

Ukiona lazima utoe vumbi, loweka sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri. Soma chupa kwanza, maana asidi ya betri nayo wengine huiita maji ya betri. Kausha kwa kuigandamiza na kitambaa laini, usifute.

Heller 20 ya 1916 yenye herufi T: nusu ya taji haipo, lakini maandishi ni makali. Hii ni VG au ni nini?
*Msomaji, Cheyo, Tabora*

Swali zuri, na linawahusu wa Tabora kuliko wengine, maana T ndiyo Tabora yenyewe. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa na vita, sarafu kutoka Ulaya hazifiki, hivyo Wajerumani wakafua za kwao hapo mjini kwa shaba na kwa shaba ya njano, mabaki ya maganda ya mizinga yakiwemo, hadi Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Mihuri ilichoka na kupasuka, na vibao vya madini, yaani vipande vitupu vinavyofuliwa kuwa sarafu, havikuwa na unene mmoja. Nyingi zilitoka zikiwa hafifu tangu siku ya kwanza.

Ufifi wa kufuliwa si kulika. Sehemu iliyolika ni laini, na rangi yake inatofautiana na uwanja ulio kando yake. Sehemu ambayo muhuri haukuikandamiza vizuri bado ina ukwaru wa kibao, na rangi yake ni ileile ya uwanja. Geuza sarafu: ikiwa upande wa pili, mahali hapohapo, nao ni hafifu, basi madini hayakutosha kujaza muhuri. Mistari iliyoinuka kama nywele ni nyufa za muhuri, si mikwaruzo. Mkwaruzo huzama, ufa wa muhuri huinuka.

Kwa hiyo sarafu yako ipime kwa zile sehemu zilizofuliwa vizuri, kisha useme wazi kwamba taji ni hafifu. Huenda ni VF.

Nimeambiwa kuna rupia inayovuta mchele, na mwingine ana tembo wa dhahabu wa Tabora. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Ya mchele iache. Fedha haivuti mchele, wala shaba, wala dhahabu. Ukiombwa pesa ya "kipimo" kabla hujaiona sarafu, ondoka.

Tembo ni kitu halisi: sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916 yenye picha ya tembo, dhahabu ya 750 kwa 1,000, uzito wa gramu 7.17 hivi. Zilifuliwa 16,198 tu, ndiyo maana bandia ni nyingi. Kabla ya kuuliza daraja, uliza kama ni dhahabu. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, na uzamishe sarafu kwa uzi mwembamba bila kugusa kitako wala ukuta. Gawa uzito mkavu kwa namba inayosomeka. Dhahabu hii hutoa karibu 15, yaani mizani isome kama 0.48. Shaba ya njano hutoa karibu 8.5, na mizani itasoma 0.84. Kwa rupia ya fedha, ambayo mpya ilikuwa gramu 11.66, jibu liwe kati ya 10.2 na 10.4. Viputo vya hewa vikinata kwenye sarafu, namba ya mizani itapanda na jibu litashuka, kwa hiyo vigonge vitoke kwanza.

Muuzaji akikataa sarafu yake isiguse maji, mrudishie.